Mtumbwi Ambao Haukulala Majini

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika kinywa. Nilisema maneno matatu tu, "Umelala siku mbili," kisha nikarudi kugeuza dagaa wangu juani. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minane, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, na nilijihesabu kuwa mwanamke mwema. Nilijihesabu hivyo kwa sababu nilikuwa navumilia. Keti vizuri nikueleze, maana ukimwona mtu mzima anaogopa maneno matatu, ujue yalimfika.

Mume wangu aliitwa Bwire, Mjita wa kisiwa cha Ukerewe, kijiji chao si mbali na Nansio. Nilipoolewa naye alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, na tulipanga chumba na sebule mjini, pale Mirongo. Kisha zikaingia zile enzi za soko huria. Kila kitu kikawa ruksa, hata kumpunguza mtu kazini kukawa ruksa. Watu walipangwa mstari wakagawiwa barua. Bwire alirudi nyumbani na barua yake kwenye bahasha ya kaki, akaiweka juu ya kabati, akatoka kwenda kunywa. Si kwamba alianza siku hiyo, la. Alikuwa anakunywa bia za mwisho wa mwezi na wenzake kama wanaume wengi. Lakini baada ya barua ile alihamia kwenye gongo, ile pombe kali ya magendo, na gongo haisubiri mwisho wa mwezi.

Mirongo ikatushinda, tukahamia mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki. Ujana wake Bwire alikuwa amefundishwa na baba yake kuunda na kuziba mitumbwi, akairudia kazi hiyo. Na kazi ilikuwepo! Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa, kila aliyepata mbao alitaka mtumbwi. Sangara mwenye nyama alipanda ndege kwenda Ulaya, sisi wenyeji tukabaki na mapanki, kile kichwa na mifupa, tukawa tunakaanga na kushukuru Mungu. Bwire angeweza kuwa mtu mkubwa mwaloni pale. Mikono yake ilikuwa na akili, sijaona fundi mwingine wa kumfikia. Ila asubuhi mikono hiyo ilikuwa inatetemeka, haitulii mpaka ipate kile kitu.

Sasa nikuambie habari ya uongo. Mtu aliyekamatwa na kilevi hudanganya hata pale ambapo uongo haumsaidii kitu. Atakuambia alipita njia ya juu, kumbe alipita ya chini. Redio yetu ilikwenda kwa fundi, na naamini bado inatengenezwa. Alikuwa anatafuna majani ya mwarobaini kabla ya kuingia ndani, halafu ananiambia tumbo linamsumbua. Mimi nikawa askari. Nilinusa mashati, nilipekua mifuko, nilimhoji maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo tayari. "Ulikuwa wapi, Bwire?" "Nilikuwa kwenye kikao cha wenzangu tuliopunguzwa." Mh! Hivyo vikao vingekuwa vya kweli, wale watu wangekuwa wameunda serikali yao.

Lakini askari huyohuyo, akitoka nje ya mlango, aligeuka wakili. Mchungaji akiuliza mbona Bwire haonekani ibadani, nasema ana malaria. Dada yake akija kutusalimia, nasema ana malaria. Mwaka ule mume wangu aliugua malaria kuliko mtaa mzima, ajabu hata mbu hawakumjua. Nilifanya hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofundwa. Siku mbili kabla ya harusi mama zangu walinifungia ndani wakaniambia, "Aibu ya mumeo ni nguo yako ya ndani, usiianike barabarani. Mvumilivu hula mbivu." Nikameza. Hakuna aliyeniambia kwamba yapo matunda yanayoozea mtini.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikuite niliposikia nawe una mlevi nyumbani. Mtumbwi uliokaa sana juani mbao zake hukauka zikaachana. Fundi anashindilia pamba kwenye nafasi zile kwa patasi butu, anapaka lami, kisha mtumbwi unasukumwa kwenye maji ya kina kifupi, unajazwa mawe, unaachwa huko siku mbili. Mbao zinakunywa maji, zinavimba, zinabana. Pakivuja panaonekana, panarudiwa. Sisi tulisema mtumbwi "umelala majini". Mtumbwi ambao haujalala haubebi mtu. Na mwaloni kwetu hakukuwa na karatasi wala muhuri. Mwenye mtumbwi alikuja akauliza, "Umelala?" na neno la nyumba ya fundi, liwe la fundi mwenyewe au la mke wake, ndilo lilikuwa cheti. Hakuna aliyelitilia shaka. Ingekuwa kama kumwuliza mama mtu kama kweli huyu ni mwanawe.

Mzee Masatu alikuwa na mtumbwi wake kwa Bwire. Bwire aliuziba upande mmoja vizuri, upande wa pili akauziba nusu, kisha akapotea siku tatu. Kila nilipokwenda kuchota maji niliuona pale mchangani, mkavu, umeinama ubavu. Siku ya nne Masatu akaja asubuhi, saa tatu hivi. Bwire alikuwa ndani amejifunika shuka mpaka kichwani. Kabla sijatoka alinishika mkono akaniambia, "Mwambie umelala siku mbili, nimeutoa jana jioni. Pamba ile ni nzuri, hautavuja. Niokoe mke wangu, nikiikosa hii kazi nimekwisha." Alikuwa analia. Nami nilimpenda, mwanangu, sitaficha. Nilimpenda na kumwonea huruma mpaka nikashindwa kufikiri.

Nikatoka. "Shikamoo mzee."

"Marahaba Mama Nyanjura. Fundi hajambo?"

"Ana malaria."

"Pole yake. Mtumbwi umelala?"

"Umelala siku mbili."

Akashukuru, akaondoka zake. Nikarudi kwenye dagaa.

Haikupita muda, nikamsikia baba mkwe wangu anaaga kwa majirani. Mzee Mafuru alikuwa amekuja kututazama, yuko siku ya tatu, na alilala nyumba ya jirani, maana kwa desturi yao baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai chini ya paa moja, hawatazamani usoni, hawasemezani ana kwa ana. Miaka sita ya ndoa sikuwahi kumwambia neno. Akitaka maji, alikuwa anauambia ukuta: "Ningepata maji ningeshukuru." Mimi naweka kata mlangoni, najiondokea. Tulipendana kwa njia hiyo, kupitia ukutani, na ilitutosha. Basi siku ile nikamsikia anamwambia jirani, "Nimepata bahati, Masatu anavuka kwenda Ukerewe na mtumbwi wake. Sina haja ya kungoja meli."

Nikasimama na ungo wa dagaa mkononi. Alipita mbele yangu, hatua kama kumi hivi, ameangalia pembeni kama desturi inavyotaka, kapu lake begani. Mwanangu, nilikuwa na nafasi ya kusema. Hata kama si kwake, ningemwambia jirani, ningeuambia ukuta, ningepiga kelele tu. Nikajiambia, mkwe hasemeshwi. Nikajifanya mwenye adabu. Kumbe haikuwa adabu, nilikuwa naogopa tu kuonekana mwongo. Nikainama nikaendelea kugeuza dagaa, nao walikuwa wamekauka zamani.

Walisukuma mtumbwi, watu wanne: Masatu, vijana wake wawili wa kasia, na mzee wangu. Niliwatazama mpaka wakapita yale mawe makubwa. Upepo ulikuwa umeanza. Nilikwenda ndani nikamwambia Bwire, "Baba yako yumo." Alifunua shuka akanitazama. Sijawahi kuona uso wa binadamu ukibadilika namna ile. Akatoka mbio bila viatu, akaingia majini mpaka kifuani akipiga kelele, lakini upepo ulikuwa unarudisha sauti yake kwetu sisi.

Ule upande ulioachwa nusu uliachia. Walikumba maji kwa sufuria, wakakumba kwa kofia, wakakumba kwa mikono. Bahati kulikuwa na mtumbwi wa wavuvi wenye injini unarudi kutoka visiwani, ukawakuta wameshika mbao huku wengine wameshazama mpaka shingoni. Mzee Mafuru walimtoa mwishoni, amelegea, macho meupe. Mimi nilikuwa pale ufukweni nimepiga magoti, namwomba Mungu anichukue mimi. Walimlaza kifudifudi, maji yakamtoka, akakohoa. Hakuna aliyekufa. Nakuambia hilo mapema ili usinihurumie kuliko ninavyostahili.

Adhuhuri ile mzee aliketi kwenye kigoda nje ya mlango wetu, amefunikwa khanga ya jirani, meno yanagongana. Bwire alikuwa amelala chini mbele yake, ameshika miguu yake, anaapa. Hatakunywa tena, Mungu amuue, radi impige. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta kama kawaida yetu. Kisha nikamsikia mzee anasema, "Mke wa Bwire, toka."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia. Nikatoka nimeinamisha kichwa. Akasema, "Nitazame." Nikaogopa, nikamwambia, na hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake, "Baba, ni mwiko."

"Mwiko tutautengeneza kwa mbuzi, na mbuzi nitamtoa mimi," akasema. "Ningekufa leo mngenitengeneza kwa kitu gani?"

Nikainua macho. Alikuwa mzee kuliko nilivyodhani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema taratibu, anapumzika kila neno: "Huyu mwanangu ni mlevi. Nilijua tangu siku ya kwanza nilipofika nikakuta hayupo, na kwa hiyo sikumwuliza yeye kuhusu mtumbwi. Masatu naye hakumwuliza yeye. Alikuuliza wewe, nami nikapanda kwa neno lako. Mlevi akidanganya, ametumwa na pombe. Wewe, binti yangu, nani alikutuma?"

Nililia kama mtoto mdogo, mbele ya watu, mbele ya mkwe, mila imelala chini kama kuku aliyechinjwa. Akaniacha nilie. Nilipomaliza akaniambia jambo lingine, na hili ulishike: "Huyu usimwulize tena maswali. Ukimwuliza, unamfundisha kutunga. Wewe mtazame kwa macho, kisha fanya unaloona linafaa. Na mtu akikuuliza, sema ulichokiona. Usiongeze, usipunguze."

Nataka nikuambie kwamba siku ile Bwire aliacha pombe. Hakuacha. Alikaa siku tisa, siku ya kumi nikamkuta na mwarobaini mdomoni. Lakini mimi nilikuwa nimebadilika. Nilikwenda kwa Mzee Masatu, pale mwaloni, watu wapo, nikamwambia, "Mzee, mtumbwi wako haukulala, na mimi nilijua. Nisamehe." Akasema, "Ningekuwa kijana ningekupiga." Kisha akaniambia nikae chini, akaniletea uji. Wengine hawakuwa wema hivyo. Wapo wanawake walionitemea mate pembeni, wakasema nimemwanika mume wangu.

Bwire naye aliposikia alifura. "Umenivua nguo mbele ya watu!"

Nikamjibu, "Nguo ulizivua mwenyewe, Bwire. Mimi nilikuwa nimezishikilia tu, na mikono imechoka."

Nikamweleza kwa upole, asubuhi, kabla hajanywa, maana mlevi haambiwi la maana akiwa amelewa. Nikamwambia, chakula utapata, maji ya kuoga utapata, ukiugua nitakuuguza, ukitaka kuacha nitakuwa ubavuni mwako. Lakini malaria imekwisha nyumba hii. Atakayeniuliza nitamwambia. Na siku utakayoninyanyulia mkono, mimi na Nyanjura tutakwenda kwetu, hutatuona. Hakuninyanyulia. Ila alichukua patasi zake akaondoka kwenda visiwani, akakaa huko miezi mingi, nikiwa sina habari kama yu hai. Nilikaanga mapanki, nikamsomesha Nyanjura, na nikagundua kitu cha ajabu: nilikuwa nalala usingizi. Nilimkumbuka, nililia, lakini nililala. Uongo, mwanangu, unachosha kuliko umaskini.

Kazi ya kumtoa kwenye pombe aliichukua baba yake. Aliposikia yuko visiwani amekonda, alimfuata, akamchukua mpaka Ukerewe, akakaa naye shambani. Hakumhubiria. Alimpa jembe, akamweka mbali na kilabu, na akawaambia wanakijiji wote waziwazi, "Mwanangu anaumwa pombe, anayempa gongo anamuua." Wote walijua, kwa hiyo hakukuwa na wa kudanganywa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Yule mzee hakuficha, na kilio kikampita.

Bwire alirudi kwangu baada ya mwaka na kitu. Alikuwa mzima, kisha akaanguka, kisha akasimama, kisha akaanguka tena. Sikumwuliza alikuwa wapi. Nilimtazama tu, na nikiona ameanguka, nawaambia wenye mitumbwi wasubiri. Wakazoea. Wakija, hawamwulizi yeye hata akiwa amesimama pale na nyundo mkononi. Wananiuliza mimi. Niliona jinsi hilo lilivyokuwa linamkata.

Kisha siku moja akaja mteja kutoka Kayenze, mtu asiyetujua vizuri ila alishaambiwa na wenzake. Akampita Bwire, akanijia mimi kwenye jiko langu la mapanki. "Mama, mtumbwi wangu umelala?" Kabla sijafungua kinywa nikamsikia Bwire nyuma yake.

"Bado," alisema. "Juzi nilikunywa. Sikuushindilia vizuri, nimeufumua, naanza upya. Rudi Jumamosi."

Yule mteja akageuka, akanitazama mimi kama anayesubiri nithibitishe. Niligeuza samaki kwenye karai, machozi yananidondokea, nikasingizia moshi. Ulikuwa uongo, nakiri, ila huo Mungu alinisamehe papo hapo.

Mteja alirudi Jumamosi. Na kuanzia hapo, kidogo kidogo, watu wakaanza tena kumwuliza fundi mwenyewe.

Sasa sikiliza. Sitakudanganya kwamba ukweli humponya mlevi. Ninaye shoga yangu aliyefanya kama mimi, neno kwa neno, na mumewe akafa na chupa. Ukweli haukumponya yule bwana, lakini shoga yangu alibaki mtu, na watoto wake wanamwamini mpaka leo. Kupona ni kwake mgonjwa. Usijibebeshe, utavunjika mgongo na yeye hatasimama. Lako wewe ni kinywa chako. Usimhoji mtu kuhusu jambo unalolijua, maana utavuna uongo na hasira tu. Usimfuate vichochoroni, macho yako mwenyewe yanatosha. Tafuta mtu mzima mmoja asiye na domo, umwambie yote, kwa kuwa siri ya namna hii ukikaa nayo peke yako itakugeuza wewe. Kuvumilia ni kuzuri, mimi nilivumilia, lakini vumilia ugonjwa, usivumilie uongo. Akikupiga, ondoka, hapo hakuna methali. Na akiwa mzima hata kwa siku moja, mwonyeshe kwamba umemwona, kwa sababu hata yeye amechoka kuwa mwongo.

Zaidi ya yote, usikubali neno lako litumike kuziba mahali ambapo pamba haikufika. Wapo watu watakaopanda mtumbwi huo kwa kukuamini wewe, na hutajua ni nani mpaka uwaone wanasukuma.

Nenda, mwanangu. Mungu wa baba zetu akupe kinywa chepesi kwa kweli na kizito kwa uongo. Akupe moyo wa kumpenda mgonjwa wako bila kuugua naye. Na atakayekuuliza neno, alale usingizi kwa jibu lako.